Mguu Mfupi wa K

Fundi Mbano hakuwa mtu mpole, na ni vizuri tuelewane mapema. Siku hizi fundi akishadhulumiwa tu, wasimulizi humpaka mafuta, wakampa sauti ya chini na macho ya huruma, mpaka unajiuliza kama aliyedhulumiwa alikuwa fundi au malaika aliyeshuka kuandika vibao kwa mkataba. Mbano alikuwa na mdomo. Mteja akimletea jina refu la duka, alimtazama juu mpaka chini akamuuliza, "Hili ni jina au hotuba?" Mteja akitaka achorewe ua pembeni, aliambiwa maua yanauzwa kwingine.

Watu walimvumilia kwa sababu ya herufi zake. Zilikuwa ndefu, nene, zimebanana bega kwa bega, na kila moja ilivaa vijiguu bapa chini na vijikofia juu. Mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, jua machoni na mtoto mgongoni, alisoma DUKA LA DAWA bila kukunja uso. Ukitaka kujua zilivyokuwa, mwazie mtu mnene anayepita kwenye mlango mwembamba: tumbo kalivuta ndani, mabega kayapandisha, lakini unene wake hajauacha nyumbani.

Zilizaliwa kwa shida, kama vitu vingi vinavyokuja kusifiwa na watu ambao hawakuwepo. Soko la mjini lilikuwa limejengewa lango, na seremala akakata ubao wa juu ya lango kwa kufuata mbao alizokuwa nazo, si kwa kufuata vipimo alivyopewa. Ubao ukatoka mfupi. Wakati huohuo kamati ya soko ilikuwa imetunga jina ambalo halikumwacha mjumbe yeyote nje: SOKO KUU LA WAKULIMA, WAFUGAJI NA WAFANYABIASHARA WADOGOWADOGO. Mafundi wakubwa walikuja, wakapima, wakatikisa vichwa, wakashauri jina lipunguzwe. Lakini kupunguza jina maana yake ilikuwa kupunguza mjumbe, na mjumbe hapunguziki.

Mbano, wakati huo kijana mwenye ngazi ya kuazima, alisema, "Litakaa."

"Litakaa wapi?" wakamuuliza.

"Hapohapo."

Alikuwa amewatazama watu waliopanga foleni kwenye dirisha la ushuru. Mabega yamebanwa, pumzi zimezuiwa, kila mtu amekuwa mwembamba kwa lazima. Lakini chini, kwenye miguu, kila mmoja alikuwa amekanyaga kwa unyayo mzima asije akasukumwa nje ya mstari. Akaziandika hivyohivyo. Jina zima likaingia, na nafasi ikabaki ya kuchomeka nukta mwishoni, akaichomeka kwa ubishi tu. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mbano, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho, kazi yake kupigwa vumbi.

Kasoro ilikuwa moja. Pale ambapo mguu wa K ya kwanza, ile ya SOKO, ulitakiwa ukanyage, palikuwa na kichwa cha bolti iliyoushikilia ubao kwenye nguzo. Bolti ilikuwa na kutu, na rangi haikai juu ya kutu. Inakaa wiki mbili tatu, inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kwa hiyo aliukata ule mguu juu ya bolti, akauvisha kijiguu chake hukohuko hewani, akajiambia atarudi kuurekebisha. Mwenye ngazi alikuja kudai ngazi yake. Kamati ikasema kazi imekwisha. K ikabaki inachechemea.

Kila K aliyoandika baada ya hapo, kwa kinyozi, kwenye kiwanda cha matofali, kwenye ubavu wa mikokoteni, aliipa mguu kamili. Lakini ile ya langoni alikuwa akipita chini yake ametazama pembeni, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe anayemdai mahari. Mkewe, mshonaji wa nguo, alimjua vizuri.

"Baba watoto, K ni moja. Nani anaiona?"

"Mimi naiona."

"Basi fumba macho ukifika pale."

"Nikifumba ndiyo naiona zaidi."

Alichokitaka duniani kilikuwa hicho tu: kuandika lango lile kwa mara ya pili na kuipa K mguu wake. Wengine huomba kuiona nyumba takatifu kabla hawajafa. Yeye aliomba soko libomolewe.

Sasa tuje kwa mpwa. Dada yake Mbano alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na mtoto huyo utotoni alipenda kukaa karibu na makopo ya rangi. Siku moja akaomba ashike brashi. Mbano aliushika mkono wake, akaugeuza mbele ya wateja kama mtu anayekagua nyanya, akasema, "Mkono huu, mpwa wangu, ni wa kushika kijiko." Wateja walicheka. Mwenye duka la jirani alicheka mpaka akaegemea mlango. Mtoto hakulia. Aliutia ule mkono mfukoni, akaenda nyumbani. Dada mtu alilalamika, Mbano akajibu kwamba yeye ni fundi, si mlezi wa mayatima wa rangi. Alijivunia kwamba hajawahi kufundisha mtu. "Watakaponizika," alikuwa akisema, "mtajuta."

Mpwa alikwenda chuo kikuu kusomea usanifu wa michoro. Akarudi na miwani mikubwa na kompyuta iliyobandikwa vikaratasi kama sanduku la msafiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umemaliza kusoma, au wamekuchoka?"

"Bado kidogo. Mjomba, nataka kupiga picha herufi zako. Zote, mji mzima."

"Za nini?"

"Za masomo. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta, mtu akibonyeza zinatoka hivyohivyo zilivyo."

Mbano alicheka. "Zitoke zenyewe? Bila mkono?"

"Zikishaingia humu, mjomba, hazipotei tena."

"Zipotee ziende wapi? Ziko ukutani." Lakini ilikuwa imemgusa. Mtu mwenye majivuno humsameha yeyote anayemleta mbele ya kioo. Akampa mpwa ngazi, ngazi ambayo hakuwa amemwazima mtu tangu aimiliki, na wakazunguka pamoja. Langoni kwa soko, kijana alipanda mpaka juu. Aliitazama K kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akaigusa ile bolti kwa kidole.

"Kumbe ilikuwa hii!" akasema kutoka juu.

"Ndiyo hiyo," Mbano akajibu kutoka chini. "Mchawi wangu. Hiyo K usiichukue, chukua ya kinyozi."

"Sawa, mjomba."

Akaichukua hiyohiyo. Walimu wake waliipenda kuliko zote. Waliona ndani yake mambo ambayo Mbano hakuwa ameyatia: mnyonge aliyejeruhiwa, aliyekataa kuanguka, aliyesimama kwa mguu mmoja mbele ya historia. Ilipata tuzo. Gazeti likatoa picha ya kijana ameliegemea lango, na chini yake maelezo marefu ambayo neno bolti halikuwemo. Herufi zile akaziita Mjomba, na dada mtu alipolisikia alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mchumba.

"Umeona, kaka? Kakutukuza!"

Mbano alinunua magazeti mawili, moja la kusoma, jingine la kumfungia mkewe sindano.

Muda haukupita mrefu Mjomba akaenea kama upele. Duka la kuchapa mabango ya plastiki lilikuwa limefunguliwa jirani na posta, na mwenye mashine alimpenda Mjomba kwa sababu maneno mengi yaliingia kwenye plastiki kidogo. Sabuni iliandikwa kwa Mjomba. Mgombea udiwani aliandikwa kwa Mjomba, na aliyempinga vilevile, kiasi kwamba kwa mbali walionekana wameungana. Chanjo ya mbwa, matangazo ya misiba, dawa za nguvu za kiume: kote Mjomba, na kote K inachechemea. Mji mzima ulijaa vilema waliotoka kwenye bolti moja.

Wateja wa Mbano wakapungua. Waliobaki walikuja na macho mapya. Mmoja, mwenye mgahawa, alisimama mbele ya kibao kilichokuwa kinakauka, akakikagua, akampiga Mbano begani.

"Hongera, fundi. Naona siku hizi na wewe unaiga Mjomba."

Mbano aliishusha brashi polepole. "Naiga nini?"

"Usikasirike, si vibaya kwenda na wakati. Unajitahidi kabisa. Ila K umeikosea. Ya kwako ina mguu mrefu."

Walioshuhudia wanasema Mbano alimtukana yule bwana kuanzia babu zake akishuka, na kwamba alipomfikia mwenyewe alikuwa ameishiwa pumzi.

Kisha habari ikaja: soko la zamani linabomolewa, linajengwa jipya lenye lango pana la zege. Kamati mpya ilitangaza kwamba anayetaka kuandika jina alete sampuli kwenye ubao. Mbano alifunga mlango wa kibanda chake, akakaa na ule ubao kama mtu anayenyoa kichwa cha mfalme. Uzeeni mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka kila asubuhi, kwa hiyo aliandika mchana, baada ya mkono kuchangamka. Aliandika neno SOKO tu. S ikakaa, O ikabana. Alipofika kwenye K aliuteremsha ule mguu kwa pumzi moja, mpaka chini, ukakanyaga.

Mkewe alikuja kuona. Aliutazama mguu wa K mpaka chini.

"Imependeza," akasema. "Sasa nenda kwa mpwa wako akusemee. Nasikia wamemwalika kwenye kamati kama mtaalamu."

"Nimwombe yule?"

"Kwani ukimwomba utavunjika?"

"Herufi ni zangu, mama watoto. Zijisemee zenyewe."

"Kiburi chako kingekuwa kinauzwa kwa kilo," mkewe akasema, "tungekuwa tunaishi ghorofani."

Siku ya kamati Mbano alivaa koti. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na wajumbe waliokuja kwa ajili ya chupa za maji. Mpwa alikaa pembeni ya mwenyekiti, kompyuta mbele yake. Sampuli ya Mbano iliegemezwa ukutani, na kando yake wakabandika karatasi kubwa iliyochapwa neno hilohilo: SOKO.

"Fundi," mwenyekiti akaanza, "kazi yako tumeiona. Ni nzuri. Inakaribia."

"Inakaribia wapi?"

"Inamkaribia Mjomba. Kamati ilishapitisha kwamba lango liandikwe kwa Mjomba, ndiyo alama ya mji wetu sasa. Lakini ukilinganisha, hapa kwenye K," akanyanyua kalamu, akaugusa ule mguu, "umezidisha."

Kicheko kidogo kilipita mezani, cha adabu.

"Mwenyekiti," Mbano akasema, "hiyo karatasi imenakiliwa kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyeandika lango la zamani. Huo mguu ulikatwa na bolti."

"Bolti?"

"Bolti. Ilikuwa pale, yenye kutu. Muulize huyo." Akamnyooshea mpwa wake mkono. "Aliigusa kwa kidole, mimi nimemshikia ngazi. Mwambie, mpwa."

Wote wakamgeukia kijana. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alikuwa na njia nyepesi kabisa ya kutoka pale. Sentensi moja ingetosha, na angeendelea kuwa na tuzo yake. Lakini gazetini alishasema mambo ya mnyonge na historia, na aliyesema gazetini harudi mezani akasema bolti.

"Mzee huyu ni ndugu yangu," akasema. Hakusema mjomba. "Msingi ulitoka kwake, hilo hatulikatai. Lakini kitaalamu, herufi ilishakua, ilishamtoka. Ile K ndiyo roho yake." Kisha akautazama mkono wa Mbano uliokuwa bado umenyooshwa hewani, ukitetemeka kwa sababu ilikuwa asubuhi. "Na mkono, tuseme ukweli, umechoka. Wa kushika kijiko utaweza. Wa lango, hapana."

Wajumbe walidhani ni utani wa kindugu, wakacheka. Mbano peke yake alijua ule utani umesafiri kutoka wapi na umelala kwenye mfuko gani miaka yote hiyo. Aliurudisha mkono wake, akautia ndani ya koti.

"Na bolti?" mjumbe mmoja akauliza, kwa kutaka kujua tu.

"Sikumbuki bolti," mpwa akasema.

Mwenyekiti, mtu mwema, hakutaka fundi aondoke mikono mitupu. Kwa kuthamini mchango wake, kamati ilimpa kazi ya kukiteremsha kibao cha zamani kabla ya wabomoaji kuingia. Ubao, wakamwambia kwa ukarimu, auchukue yeye.

Aliuteremsha mwenyewe. Bolti ilimsumbua kuliko zote, ilikuwa imeshikana na mbao kama jino. Ilipotoka aliitazama kiganjani, akaitupa kwenye mtaro.

Lango jipya likafunguliwa. Kwa vile lilikuwa pana mara tatu ya lile la zamani, na jina sasa lilikuwa fupi, SOKO JIPYA, mwenye mashine aliona herufi zinaacha nafasi tupu huku na huku. Hakuhangaika. Alizishika herufi za Mjomba kwenye kompyuta, moja ncha hii, nyingine ncha ile, akazivuta kama unga wa chapati mpaka zikajaa. Herufi zilizozaliwa kwa kubanwa zikalala pale juu zimetanuka, matumbo nje, vijiguu vimekuwa nyayo za bata, na K imetupa ule mguu wake mfupi pembeni kama mlevi aliyekalia ngazi. Watu wakapita chini wakasema limependeza. Meneja wa soko akapiga picha.

Mpwa alipoliona, wanasema, aligombana na mwenye mashine mpaka sauti ikamkauka. "Umeniharibia! Hii haivutwi!" Mwenye mashine akamuuliza: kompyuta ingekuwa haitaki zivutwe, ingekubali?

Mpwa akakumbuka ubao wa zamani. Watu wa maonyesho, wawili, walikuwa wamefika mjini wakitafuta vitu vya asili vya kuweka kwenye ukumbi, na yeye akawaambia anajua kilipo chanzo cha Mjomba chenyewe. Akawaleta mpaka kibandani.

"Shikamoo, mjomba."

Mbano alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa chake cha kufutia brashi begani. "Marahaba," akasema.

"Hawa wageni wanataka kukiona kibao cha soko. Kitawekwa kwenye kioo, na maelezo."

"Hicho hapo."

Ubao ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili. Ulikuwa umepigwa randa mpaka mbao nyeupe, SOKO KUU na wakulima na wafugaji na wadogowadogo wote wamekwenda na maranda, na juu yake, nyeusi, bado inang'aa kwa ubichi, palikuwa na maneno mawili: MKAA UPO. Herufi zilikuwa zilezile, ndefu, nene, zimekanyaga. Kando alisimama mwanamke anayeuza mkaa nyuma ya soko, amejifunga khanga kiunoni, anasubiri chake.

Mgeni mmoja aliinama, akaziangalia. "Hii ni kazi ya mtu anayemwiga Mjomba," akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunja mwingine moyo. "Na K siyo. Tunatafuta cha asili."

"Cha asili kiko kwenye kompyuta," Mbano akasema. "Mpwa wangu aliniahidi. Hazipotei tena."

Kijana hakuwasikia. Alikuwa ameinama juu ya K. Alikuwa ameona, pale mguu unapomalizikia, duara dogo la mbao iliyochomekwa, lililosawazishwa kwa msasa. Lilikuwa ni tundu la bolti, limezibwa. Mguu wa K ulishuka moja kwa moja, ukapita juu yake, ukakanyaga chini kwa unyayo mzima. Alinyoosha kidole akaligusa.

"Vipi?" mgeni akamuuliza. "Unakifahamu hiki?"

Mpwa akamtazama mjomba wake, akawatazama wageni, akaitazama tena ile K.

"Hapana," akasema. "Imekosewa."

"We kaka!" muuza mkaa akafoka. "Toa kidole kwenye kibao changu! Huoni rangi mbichi?"

Kijana akaurudisha mkono. Ncha ya kidole ilikuwa nyeusi tii. Aliusimamisha mbali na shati lake jeupe, akageuka huku, akageuka kule, akitafuta pa kujifutia. Kitambaa kilikuwa begani kwa mjomba wake. Mbano aliona, na hakukitoa. Aliinamia kopo, akachovya brashi, akaanza kuziba alama ya kidole kwenye mguu wa K.